Wote Walizaliwa Sabasaba

Kitu cha kwanza nilichokiona ni utando juu ya chai ya Faisal. Faisal alikuwa mtu wa kunywa chai ingali inaunguza. Ukiweka kikombe na kugeuka kuchukua sahani, ukirudisha macho kikombe kimefika nusu. Asubuhi ile nilimaliza kupiga deki varanda nzima, nikarudi na ndoo yangu, nikakuta chai imejaa vilevile, maziwa yameganda juu na kujikunja. Faisal alikuwa ameinama mbele ya kompyuta, mikono yote miwili ameibana katikati ya magoti.

Mimi nilikuwa mfanya usafi wa hospitali. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa sisemi. Si kwamba nilikuwa bubu. Watu walipokuwa wengi sauti yangu ilikuwa inakwama, na walipokuwa wachache nilikuwa nasubiri waondoke.

"Mhoja," Faisal aliniita bila kugeuka, "umewahi kuona mtu anavuka daraja, akafika katikati, mbele pakakatika na nyuma pakakatika?"

"Hapana, kaka."

"Basi nitazame vizuri."

Ulikuwa mwezi wa tatu, mwaka 1998. Hospitali yetu ilikuwa ndogo, ya misheni, imejengwa juu ya mawe. Kutoka dirisha la chumba cha kumbukumbu uliliona ziwa, lakini mwaka ule karibu na ufuko maji hayakuonekana, yalikuwa yamefunikwa na magugu. Chumbani mlikuwa na meza mbili, kabati, na kompyuta moja ambayo wazungu wa misheni walikuwa wameileta miaka miwili nyuma. Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na orodha ya watu wanaojitolea damu, watu elfu moja na thelathini na sita. Kila mtu alikuwa na jina lake, mahali anapokaa, kundi la damu yake, na siku aliyopimwa mara ya mwisho. Miaka ile watu walikuwa wanaogopa damu kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu ya ukimwi. Mtu aliyekwisha kupimwa, akaonekana salama, na akakubali kuitwa saa yoyote, alikuwa mtu wa kutunzwa.

Zamani orodha hiyo ilikuwa kwenye kadi za karatasi. Kadi zilipomaliza kuingizwa kwenye kompyuta ziliwekwa stoo. Mvua za El Nino zikavujisha paa la stoo, na zilizobaki baada ya mvua zikaliwa na mchwa. Kwa hiyo tulikuwa na ile ya kwenye kompyuta tu.

Faisal alikuwa fundi wa kompyuta wa mjini Mwanza. Baba yake alikuwa na duka la redio karibu na soko kuu, na yeye alikuwa amesomea kompyuta Nairobi. Alikuwa anakuja kwetu mara kwa mara, na siku ile alikuja kubadilisha programu. Ile ya zamani ilikuwa inaandika mwaka kwa tarakimu mbili, na ilisemekana kwamba ukifika mwaka elfu mbili itadhani tumerudi mwaka sifuri. Programu mpya ilitakiwa kuwachukua watu mmoja mmoja kutoka faili la zamani na kuwapeleka faili jipya. Ilianza saa mbili. Ilipofika mtu wa mia nne kumi na mbili ikasimama. Faisal akajaribu kurudi kwenye ile ya zamani, nayo ikakataa kufunguka, kwa sababu faili lake lilikuwa limeshahamishwa nusu. Hilo ndilo daraja lake.

Nilikuwa nimeinama kukamua dekio mlango uliposukumwa. Aliingia Sista Winnie wa wodi ya wazazi, mikono imelowa, hakujifuta.

"Faisal, nitafutie O hasi. Yeyote aliye karibu. Wawili kama wapo."

"Sista, mashine imelala."

"Iamshe."

"Ndiyo ninachofanya."

"Hunielewi." Sista Winnie alifunga mlango nyuma yake na kushusha sauti. "Nina mama pale, mimba ya miezi minane, kondo limekaa mlangoni. Ameanza kutoka damu tangu alfajiri. Daktari Venant hawezi kumpasua bila damu pembeni, atamfia mezani. Mumewe tumempima, kaka zake wawili tumewapima, wote wana chanya. Hospitali nyingine nimezipigia, hawana. Yule mmoja ninayemkumbuka kwa kichwa amekwenda Geita kwenye dhahabu. Sasa niambie hiyo mashine inasema nini."

Faisal alisogeza kiti na kumsomea kioo. "Inasema, namba mia nne kumi na mbili. Masalu. Tarehe saba, mwezi wa saba, hamsini na nne. Halafu inasema mtu huyu tayari yupo."

"Yupo wapi?"

"Ndiyo nauliza na mimi. Ni upuuzi. Diski imeingia unyevu, inasoma mstari mmoja mara mbili. Nipe saa moja."

Sista Winnie alitazama saa ya ukutani, na mimi nikaitazama. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini.

Maji ya dekio yalikuwa yanatiririka kwenye kiwiko changu na kuingia ndani ya mkono wa gauni, na sikuweza kusogea. Diski haikuwa na unyevu. Nilijua kwa nini mtu yule alikuwa tayari yupo. Walikuwa Masalu wawili, na siku ya kuzaliwa nilikuwa nimewapa mimi.

Inabidi nieleze jambo hili hapa. Karani wa chumba kile alikuwa dada Dorotea. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuingiza kadi kwenye kompyuta, na alifundishwa wiki nzima. Lakini miaka ile mshahara ulikuwa haumfikishi mtu katikati ya mwezi, na kila mtu alikuwa na mradi wake pembeni. Mradi wa dada Dorotea ulikuwa mitumba. Belo zilifunguliwa Mkuyuni asubuhi, na ukichelewa unakuta yamebaki makoti. Siku moja akanikuta nimesimama nyuma yake nasoma kadi kwa midomo bila sauti. Akaniuliza kama najua kusoma. Nikamwambia nilifika darasa la tano. Akanikalisha kwenye kiti chake, akanionyesha pa kubonyeza, akafunga mlango kwa nje na kwenda zake Mkuyuni.

Niliandika kadi mia sita na zaidi kwa miezi minne. Nilikuwa naifagia hospitali upesi ili nifungiwe mle ndani. Sijui kama kuna mtu atanielewa nikisema kwamba ile ndiyo miezi niliyokuwa na furaha.

Tatizo lilikuwa moja. Mashine ilitaka tarehe ya kuzaliwa, na watu wengi hawakuwa nayo. Kwenye kadi waliandikiwa umri tu, miaka arobaini na mbili, miaka thelathini. Ukiacha wazi, mashine inapiga kelele, na mimi nilikuwa naogopa kelele ile isije ikasikika nje. Nilimuuliza dada Dorotea. Akasema weka chochote. Nikakumbuka mwalimu aliyeniandikisha darasa la kwanza. Baba hakujua nimezaliwa lini, alisema tu ilikuwa wakati wa kuvuna pamba. Mwalimu hakuinua kichwa, akaandika Sabasaba. Aliwaandikia hivyo nusu ya darasa, na tukawa tunafurahi kwamba siku yetu ni sikukuu, shule imefungwa. Basi na mimi nikafanya kama mwalimu. Umri nilitoa kutoka mwaka ule, nikapata mwaka wa kuzaliwa, na siku nikawapa Sabasaba. Wazee, vijana, wavuvi, wauza mkaa, wote niliwapa Sabasaba. Programu ya zamani haikulalamika hata mara moja.

Sasa hii mpya ilikuwa inamtambua mtu kwa jina la ukoo na siku ya kuzaliwa. Hilo nilikuwa sijaambiwa na mtu, lakini maneno ya kwenye kioo yalikuwa yanasema lile lile. Huku kwetu kina Masalu ni wengi, kina Ngosha ni wengi. Kwa programu ile, wenye jina moja na umri sawa wote walikuwa mtu mmoja.

Nilitoka na ndoo. Nje, kwenye benchi, alikuwa amekaa mwanamume amevaa kanzu fupi na suruali, kofia ameishika mkononi. Utepe wa kupimia nguo ulikuwa bado unaning'inia shingoni.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Mdogo wangu, naweza kupata maji ya kunywa?"

Nilimletea. Aliyanywa yote akanirudishia kikombe kwa mikono miwili.

"Wewe unatoka humo ndani. Mke wangu ni Nusrat, yuko wodini. Sista ameniambia kuna mashine inayojua watu wote wenye damu kama yake. Imesema nini?"

"Bado," nilisema.

"Si kitu. Mashine haikosei. Ikisema, imesema." Akatabasamu kidogo, nadhani ili nisijisikie vibaya.

Jina lake lilikuwa Yunus. Nililijua baadaye.

Nilirudi ndani nikiwa na sababu ya kufuta vumbi. Faisal alikuwa ametoa disketi tano mfukoni. Jana yake alikuwa ameinakili orodha yote humo, kwa tahadhari. Aliingiza ya kwanza, ikasomeka. Ya pili, ikasomeka. Ya tatu ikakoroma ndani ya mashine, ikanyamaza, ikakoroma tena. Akaitoa, akaipuliza, akaipangusa kwa shati, akairudisha. Ikakoroma.

"Moja," alisema. "Kati ya tano, moja. Na bila hiyo nne nyingine ni za kuwekea vikombe." Alisema kama mzaha, lakini masikio yake yalikuwa mekundu. "Mhoja, ungekuwa wewe ungefanya nini?"

Nilifungua mdomo. Nakumbuka hewa iliingia na ikatoka. Nikafuta kabati.

"Nilijua," alisema. "Hata mimi ningefuta kabati."

Alipiga simu Dar kwa mtu aliyemuuzia programu. Simu iliita ikakatika. Akapiga tena. Akafungua mfuniko wa kompyuta, akachomoa waya na kuuchomeka, akaelekeza feni ndani akakausha unyevu usiokuwepo. Kila alichofanya kilikuwa cha mtu anayejua kazi yake, na kila kimoja kilikuwa kinakwenda mbali na mahali penyewe. Saa nne ikapita. Mara mbili Yunus alichungulia mlangoni bila kusema kitu, na mara mbili nikatingisha kichwa.

Dada Dorotea alikuja saa nne na nusu na mfuko wa rambo umejaa blauzi. Alimsikiliza Faisal dakika moja tu. Aliposikia Masalu na Sabasaba, macho yake yalinitafuta. Akanishika mkono, akaniingiza kwenye chumba cha mashuka.

"Umesema nini?"

"Sijasema."

"Usiseme. Mhoja, nisikilize. Mwezi uliopita wamepunguzwa kazi wanane. Orodha ya pili inaandikwa sasa hivi, ofisini pale, na mimi nina watoto wanne na baba yao unamjua. Wakijua nilikukalisha pale mimi nimekwisha. Na wewe? Nani alikupa ruhusa ya kugusa mali ya wazungu? Watasema umeiharibu. Watakupeleka polisi, siyo nyumbani."

"Dada, yule mama anatoka damu."

"Faisal ni fundi. Amesomea Nairobi. Ataiona mwenyewe." Alikuwa anazigeuza blauzi ndani nje, nje ndani, bila kujua. "Wewe umesoma mpaka la ngapi?"

"La tano."

"Haya."

Hakunitukana. Alisema tu, kama mtu anayekumbusha bei. Nami nilimwamini. Nilijiambia kwamba pengine nimekosea, pengine kweli diski ina unyevu, mimi ni nani. Nilijaribu kukumbuka kadi zile, nani alikuwa na O na alama ya kutoa mbele yake, ili niwataje majina tu basi na mambo yaishe. Sura za watu zilinijia. Siku za kujitolea nilikuwa nawagawia soda, niliwajua wanaocheka na wanaofumba macho. Alama haikunijia hata moja.

Saa tano wakaniita wodi ya wazazi kupiga deki.

Sikuwa mgeni wa damu. Lakini hii ilikuwa imepita shuka, ikapita godoro, ikawa inadondoka chini taratibu, tone, halafu tone. Nusrat alikuwa msichana wa umri wangu. Miguu ilikuwa imenyanyuliwa juu ya matofali mawili, na kwenye kucha ilikuwa imebaki hina ya zamani, imekaribia kwisha. Midomo ilikuwa rangi ya majivu. Sista Winnie alikuwa ameweka bomba la kusikilizia mtoto juu ya tumbo na sikio lake juu ya bomba, amefumba macho anahesabu.

"Yupo," alisema. "Anakwenda mbio, lakini yupo."

Nilipiga magoti nikaanza kufuta. Nusrat aligeuza kichwa akaniona.

"Samahani, dada," alisema. "Nimekuchafulia."

Nilifuta mpaka ukutani. Nikakamua, nikafuta tena mahali palepale palipokuwa pasafi. Ndoo ilipojaa nikaipeleka nje nikaimwaga. Nilikuwa naogopa polisi. Nilikuwa naogopa kurudi Kisesa kwa baba na mfuko wa nguo. Nilikuwa namwogopa Faisal asinicheke, na Daktari Venant asinitazame. Kila hofu ilikuwa na zamu yake, na zote zilikuwa zinasema nyamaza.

Niliporudi chumba cha kumbukumbu ilikuwa saa sita kasoro robo. Daktari Venant mwenyewe alikuwa amesimama mle, mrefu, amevaa magwanda ya upasuaji, na dada Dorotea amesimama karibu na kabati. Faisal alikuwa anaongea harakaharaka.

"Nimepata njia, daktari. Ina maswali yake. Inaniuliza kama nataka iwafute wanaojirudia. Kwa kuwa inasoma mtu mmoja mara mbili, nikikubali itamwacha mmoja, itamfuta yule wa pili, itaendelea mpaka mwisho. Dakika tano tunayo orodha."

"Hakuna atakayepotea?"

"Wanaopotea ni vivuli tu."

"Fanya."

Faisal alinyoosha kidole. Niliona kidole chake juu ya kibodi, kucha imekatwa vizuri. Nilimwona dada Dorotea anatazama sakafu.

"Usifute."

Hakuna aliyesikia. Nadhani hata mimi sikusikia.

"Kaka Faisal, usifute."

Kidole kilisimama. Daktari Venant aligeuka akatafuta sauti imetoka wapi, akatazama dirishani kwanza.

"Mhoja amesema," Faisal alisema polepole. "Kwa nini nisifute?"

"Ni wawili."

"Kina nani?"

"Hao kina Masalu. Kuna Elias Masalu wa Igoma, anachomelea mageti. Kuna Daudi Masalu wa Mkuyuni, ana kibanda cha sabuni. Daudi anaogopa sindano, akichomwa anaimba. Elias yeye anaomba soda mbili." Maneno yalikuwa yanatoka kama maji ya bomba lililokuwa limeziba, machafu na kwa mishindo. "Ukifuta mmoja umefuta mtu. Na wengine pia. Wengi. Siyo vivuli."

"Wote wawili wamezaliwa siku moja, mwaka mmoja?"

"Hawajui wamezaliwa lini."

"Sasa hii Sabasaba imetoka wapi?"

Nilimsikia dada Dorotea anavuta pumzi na haitoi.

"Iliwekwa," nilisema.

"Na nani?"

"Iliwekwa tu."

Faisal alinitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akageukia kioo, akaacha lile swali, akafungua faili kwa njia nyingine, likatokea bila urembo wowote, mistari mirefu ya majina na namba. Akashuka nayo. Saba saba. Saba saba. Saba saba. Akaendelea kushuka, na ilikuwa haishi.

"Nusu ya Mwanza imezaliwa Sabasaba," alisema. "Na mimi nakausha diski kwa feni tangu asubuhi."

Daktari Venant hakucheka. "Inatengenezeka?"

"Ikiwa nimejua ni nini, inatengenezeka. Kila mtu nitamwekea namba ya kadi yake mwisho wa jina. Hawatalingana tena."

Aliandika kwa dakika ishirini. Mimi nilibaki nimesimama na dekio kwa sababu hakuna aliyeniambia niondoke. Kisha namba zikaanza kupita kwenye kioo. Nilizihesabu kwa midomo. Mia nne na kumi. Mia nne kumi na moja. Mia nne kumi na mbili ikapita kama vile haikuwahi kuwa kitu. Zilipofika elfu moja na thelathini na sita Faisal akauliza O hasi, na printa ikaanza kulia. Majina tisa. Mawili kati ya hayo yalikuwa ya wale wa pili, wale ambao kidole chake kingewafuta.

Mmoja wa hao wawili alikuwa fundi baiskeli wa Igoma, anaitwa Shimba. Mwingine kwenye orodha, aliyekuwa karibu zaidi, alikuwa mwalimu pale Nyamagana. Gari la hospitali liliondoka saa sita na nusu. Mwalimu alipatikana upesi. Shimba alifika karibu saa nane, mikono myeusi kwa grisi mpaka viwikoni, na kabla ya yote akaomba sabuni. Alikuwa na aibu kuingia namna ile.

Nilikuwa nafuta varanda waliposukuma kitanda kuingia chumba cha upasuaji. Yunus alitembea kando yake mpaka mlangoni, mlango ukafungwa, akabaki ameweka kiganja juu ya mbao.

Nusrat aliishi. Sista Winnie alitoka saa tisa na nusu akamwambia mumewe. Kisha akamshika bega na kumwambia la pili. Mtoto alikuwa wa kike, hakulia. Sista alisema moyo wake ulisikika saa tano, na aliposikiliza tena saa sita na nusu haukuwepo. Alisema damu ilipungua, mtoto akakosa hewa. Alisema imetokea kwa wengi na hakuna wa kulaumiwa. Yunus aliinamisha kichwa akasema Inna lillahi, akakaa kwenye benchi, akautoa ule utepe shingoni akaanza kuuviringisha kwenye vidole viwili, taratibu, mpaka ukaisha.

Jioni Faisal alikuwa anakusanya disketi zake. Dada Dorotea alikuwa ameshaondoka. Kwenye ripoti yake Faisal aliandika kwamba programu mpya ina kasoro katika kuwatambua watu, na hilo lilikuwa kweli. Jina la mtu hakuliandika. Alipofika mlangoni alisimama.

"Mhoja, wewe ndiye uliyeandika zile kadi."

Niliinama kuchukua ndoo. Hilo lilimtosha.

"Sitasema. Umeziandika vizuri, hakuna jina nililoona limekosewa." Akabadilisha mkoba bega. "Niambie kitu kimoja tu. Ulijua tangu lini?"

"Pale pale," nilisema. "Ulipotaka kufuta. Ndipo nikajua."

Akaitikia kwa kichwa na kwenda zake. Aliniamini, na kwa nini asiniamini? Nilikuwa mtu wa maneno machache, na watu huwa wanadhani maneno machache ni ya kweli.

Dada Dorotea alipunguzwa mwezi wa sita hata hivyo, na orodha ile ya pili haikuwa na habari ya Sabasaba wala ya kompyuta. Alifungua kibanda Mkuyuni na anaendelea vizuri. Mimi sikupunguzwa. Wiki tatu baada ya siku ile Yunus alikuja na kifurushi cha tende kwa ajili ya watu wa chumba cha kumbukumbu, kushukuru. Nusrat alikuwa ameanza kutembea uani. Alinikuta peke yangu, akaniwekea kifurushi mikononi, akasema nimwombee kwa Mungu kila aliyeharakisha siku ile. Nikasema asante, kaka. Nilizila tende zile, na zilikuwa tamu.

Nimekutana naye mjini mara nyingi tangu wakati ule. Ananisalimia, ananiuliza habari za kazi, ananiambia Nusrat anasalimia. Kila mara nasema nzuri, halafu napita.

Nilijua tangu saa tatu na dakika ishirini asubuhi, mtoto angali hai. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa kufukuzwa kazi.